Foleni Ndefu na Cheti cha Muda Mfupi

Hotuba ya mwanachama wa reli mbele ya wafanyakazi wa Utange



Kamati imeniomba niseme habari ya wenzetu wanaoomba makao ya kudumu katika nchi za ng'ambo, na hasa mambo mawili yanayowasumbua, yaani kungoja na cheti cha polisi. Mimi si mwanasheria. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni ya reli. Lakini kwa muda wa miaka mitatu nimekuwa pamoja na ndugu yangu katika maombi yake, nimezisoma karatasi zake moja moja, na nimeona mahali tulipokosea. Nitasema ninayoyajua ili mwingine asianguke katika shimo lilelile.

Huenda mtu akauliza, chama cha wafanyakazi kina shauri gani na watu wanaotaka kuhama? Kazi ya chama ni mshahara, saa za kazi na kiinua mgongo. Ni kweli. Lakini tazameni hapa petu. Ukianzia stendi ya Utange ukaenda mpaka Shanzu, ni shida kupita nyumba kumi bila kukuta mzazi mwenye mtoto Doha, Dubai au Muscat, ama mwenye mtoto anayetafuta njia ya kwenda Kanada. Mtu huyo huacha kazi kwa kuyategemea maombi. Hukopa katika ushirika wa akiba kwa kuyategemea maombi. Na wadhamini wa mkopo ni nani? Ni sisi tuliokaa hapa. Basi shauri hili ni la chama.

Habari ya ndugu yangu

Ndugu yangu ninayemtaja ni mtoto wa mama yangu mdogo. Ni mpishi. Alijifunza kazi katika hoteli za Pwani hapa, kisha akaenda nchi za Ghuba. Katika nchi ya kwanza alifanya kazi miaka minne. Akahamia nchi ya pili, akakaa miezi minane, kazi ikaisha, akarudi nyumbani. Akapata kazi tena katika hoteli moja upande huu wetu wa Kisauni.

Ndipo akaandika maombi ya makao ya kudumu katika nchi moja ya ng'ambo. Jina lake likachaguliwa katika orodha ya kwanza, akaambiwa alete karatasi zake zote. Siku ile nyumbani tulichinja kuku. Mama mdogo alilia kwa furaha. Wiki ile ile ndugu yangu akaandika barua ya kuacha kazi, maana alidhani kuchaguliwa ni kukubaliwa. Hilo ndilo kosa la kwanza, na mimi nilikuwapo wala sikumzuia.

Kosa la pili lilikuwa la cheti. Aliambiwa alete cheti cha polisi cha kila nchi aliyokaa. Akaleta cha Kenya, akaleta na cha nchi ya kwanza ya Ghuba, kwa sababu mwajiri wake wa zamani alimsaidia kukipata kabla hajaondoka. Cha nchi ya pili hakukileta. Nilipomwuliza aliniambia, "Kaka, miezi minane ni nini? Hata chumba sikukipanga, nililala katika nyumba ya kampuni." Tukapeleka karatasi hivyo. Baada ya wiki kadha zikarudishwa, na barua fupi ikisema kwamba hazikukamilika.

Sasa kukitafuta cheti cha nchi usiyo ndani yake ni kazi ngumu. Yalitakiwa alama za vidole zilizopigwa muhuri, yakatakiwa mambo ya ubalozi Nairobi, ikatakiwa na namba ya kitambulisho cha nchi ile, nacho alikwisha kukirudisha uwanja wa ndege siku ya kuondoka. Akatokea bwana mmoja akasema yeye ana mtu kule, atakileta cheti kwa shilingi 60,000. Ndugu yangu hana kazi, hana fedha. Basi mimi nikaenda katika ushirika wetu nikakopa. Wadhamini wangu watatu wamo katika mkutano huu, nawaona. Bwana yule alizipokea fedha, akatupa risiti isiyo na jina la ofisi, na baada ya mwezi simu yake ikafungwa. Cheti hatukukiona.

Cheti chenyewe kilipatikana mwishowe kwa njia iliyonyooka, kwa kwenda ubalozini na kujaza fomu. Lakini kufikia wakati ule, cheti cha Kenya kilikuwa kimezeeka, na cheti cha daktari kilikuwa kimekwisha muda. Ilibidi kuanza tena. Leo ndugu yangu anapika kwa kibarua cha siku, katika harusi na mazishi, naye angali anangoja. Mimi mkopo nimeulipa nusu. Wadhamini wangu hawajanyang'anywa kitu, namshukuru Mungu, lakini nimewatia wasiwasi, na mbele ya mkutano huu nawaomba radhi.

Cheti hiki ni kitu gani?

Kwa Kenya, cheti hiki hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambayo makao yake makuu yako barabara ya Kiambu, Nairobi. Sisi tumezoea kukiita cheti cha tabia njema. Maombi hufanywa kwa mtandao wa serikali uitwao eCitizen. Kisha unalipa, unachapa fomu zako, na unakwenda kutiwa alama za vidole, kwa mfano katika kituo cha Huduma kilicho Posta Kuu, barabara ya Digo, kisiwani. Ada iliyotozwa kwa miaka mingi ni shilingi 1,050. Yeyote anayekuomba elfu kumi ili akupatie cheti hiki anakuibia kwa hiari yako.

Cheti hakisemi kwamba wewe ni mtu mwema. Hakijui kama unawalisha watoto wako au unalipa madeni yako. Chasema jambo moja tu: kwamba alama za vidole vyako zilitazamwa katika kumbukumbu za polisi siku fulani, na hili ndilo lililoonekana au halikuonekana. Kwa sababu hiyo tarehe iliyoandikwa juu yake ni kitu kikubwa. Kesho yake cheti hakijui lolote juu yako.

Wazee wetu waliyajua mambo ya vidole kabla yetu. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya kwanza ikaanza kutumika kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande, chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake, kikatiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Mwajiri asipoweka sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi aliyekwenda kwingine alihesabiwa mtoro. Harry Thuku aliposimama kupinga mambo hayo pamoja na kodi na kupunguzwa mishahara, alikamatwa mwaka 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi. Mwaka 1947 ndipo ilipotungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Nasema haya kwa sababu mfanyakazi akiona uchungu anapotiwa wino vidoleni ili athibitishe kuwa si mwizi, uchungu huo una asili yake. Lakini kipande kilikuwa cha kumfunga mtu asitoke. Cheti hiki twakiomba wenyewe ili tutoke, kwa hiyo hapana budi tuzijue kanuni zake kuliko wazee wetu walivyoruhusiwa kuzijua zile za kipande.

Saa mbili zisizokwenda pamoja

Ninyi wa reli mtanifahamu upesi. Katika njia moja, treni ya kupanda na treni ya kushuka haziwezi kupita pamoja. Moja hungoja katika stesheni mpaka nyingine ipite. Dereva hata akiwa na haraka namna gani, hawezi kuingia sehemu ile bila kibali. Sasa fikirini kwamba kibali chenyewe kina saa ya kufa, na treni unayoingoja haina saa ya kufika. Hiyo ndiyo hali ya mwombaji wa makao ya kudumu.

Nitatoa mfano wa Kanada, kwa sababu kanuni zake zimeandikwa wazi. Kanada yataka cheti cha polisi cha kila nchi ambayo mwombaji amekaa miezi 6 au zaidi mfululizo, katika miaka 10 iliyopita, tangu alipotimiza umri wa miaka 18. Tena si mwombaji peke yake: mume au mke wake vilevile, na watoto waliotimiza miaka 18. Katika njia iitwayo Express Entry, iliyoanza mwezi wa 1, yaani Januari, mwaka 2015, mtu aliyealikwa hupewa siku 60 kupeleka karatasi zote. Cheti cha nchi anayokaa sasa kisiwe kimepita miezi 6 tangu kilipotolewa. Cheti cha nchi alizotoka kiwe kimetolewa baada ya kukaa kwake kwa mara ya mwisho. Kikiwa kwa Kiarabu, lazima kitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa na mfasiri anayetambuliwa. Kipimo cha daktari hudumu miezi 12.

Haya, tuhesabu. Siku 60 ni miezi miwili. Kama cheti cha nchi moja ya Ghuba chachukua miezi mitatu kukipata ukiwa nje yake, basi umekwisha kuchelewa kabla hujaanza. Na mtu anayekimbilia cheti cha Kenya mapema mno, mwaka mzima kabla ya kualikwa, atakuta kimezeeka siku ya kukipeleka. Kwa hiyo cheti cha nchi uliyotoka kitafutwe mapema, na cheti cha nchi unayokaa kitafutwe karibu na siku ya kupeleka. Ndugu yangu alifanya kinyume, na wengi hufanya kinyume, kwa sababu cha Kenya ndicho kilicho rahisi nasi hupenda kuanza na lililo rahisi.

Kwa nini foleni ni ndefu?

Watu husema, "Wananichelewesha kwa sababu ya rangi yangu," au, "Kuna mtu anataka chai." Huenda mahali pengine ni hivyo. Lakini sababu kubwa ni hesabu ya viti. Serikali hupanga watu wangapi itawapokea kwa mwaka. Maombi yakizidi viti, watu hubaki stesheni hata kama karatasi zao ni safi. Kanada ilikuwa imepanga kupokea wakaazi wa kudumu 500,000 katika mwaka 2025. Mwezi Oktoba 2024 ikatangaza kwamba hesabu ya 2025 itakuwa 395,000. Waliokuwa wakingoja hawakufanya kosa lolote. Mabehewa ndiyo yaliyopunguzwa.

Nchi za Ghuba ni ngumu zaidi. Qatar ilitunga sheria ya makao ya kudumu mwaka 2018. Mgeni aliyezaliwa nje anatakiwa awe amekaa miaka 20, awe na mwenendo mwema asiye na hatia ya jinai, tena ajue Kiarabu. Na wanaopewa wasizidi 100 kwa mwaka. Mia moja, ndugu zangu, katika nchi ambayo wafanyakazi wageni ni wengi mno kuliko wenyeji. Basi asije mtu akakudanganya kwamba ukifanya kazi kwa bidii Doha utapewa makao. Kule kazi ni ya mkataba, na mkataba ukiisha unarudi.

Jambo hili la viti si geni kwa watu wa reli. Wengi wa makarani, mafundi na wakuu wa stesheni wa zamani walikuwa Wahindi. Kenya ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wasiokuwa raia wa moja kwa moja walipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengine waliomba, wengine walisita wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Kenya ikatunga sheria ya kuwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi. Wakageukia Uingereza, kwa maana pasipoti ilikuwa yake. Mwezi Machi 1968 Uingereza ikafunga mlango ikaweka hesabu: vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Watu wenye pasipoti halali mkononi wakakaa miaka wakingoja, huku hawana kibali cha kazi na huku hawana ruhusa ya kuingia kule. Katika jambo lile palikuwa na makosa ya serikali mbili, lakini mfanyakazi ndiye aliyekaa katikati.

Na sheria hubadilika mtu akiwa bado njiani. Mwezi Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kusudi lake la kuurefusha muda wa kawaida wa kupata makao ya kudumu kutoka miaka 5 hadi 10. Mwezi Julai mwaka huohuo ikafunga kuajiri watumishi wapya kutoka ng'ambo kwa kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa, kazi iliyowavuta wengi kutoka nchi yetu. Aliyekwisha kuuza shamba akijiandaa kwa njia ile, mlango umefungwa na shamba limekwenda.

Wasiokuwa na polisi wa kuwaandikia

Hapa Utange sisi tulipata kuona wangojaji kabla ya kuwa wangojaji. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, watu walikuja Mombasa kwa majahazi, na kambi yao ikawekwa hapa. Walikuwamo watu wa Mogadishu na wa Barawa, na hao wa Barawa lugha yao ya Chimwini ni jamaa ya Kiswahili hiki tunachosema, hata ukisikiliza vizuri unashika maneno. Katikati ya miaka ya 1990 kambi za Pwani zilifungwa. Baadhi ya watu walipelekwa Marekani, wengine wakahamishiwa kambi za Kakuma na Dadaab, wakaanza kungoja upya.

Mimi nilikuwa mtoto mchanga au sijazaliwa. Habari hizi nimezipata kwa wazee. Lakini fikirini: mtu yule angepata wapi cheti cha polisi? Ofisi ilikuwa imechomwa, karani amekimbia, na serikali yenyewe haipo. Hili lafundisha kanuni moja yenye faida kwetu. Nchi zinazopokea watu zinajua kwamba ziko nchi ambazo cheti hakipatikani. Kanada, kwa mfano, humruhusu mwombaji aliyeshindwa kupata cheti kuandika barua ya maelezo, pamoja na ushahidi kwamba alijaribu: nakala ya fomu, risiti ya ada, barua za kwenda na kurudi. Hawaahidi kwamba watakubali. Lakini mwenye barua na ushahidi ana neno la kusema, na aliyenyamaza hana. Ndugu yangu kama angeandika barua moja ya ukurasa mmoja, kusema, "Nilikaa miezi minane katika nchi hii, cheti nimekiomba tarehe fulani, risiti ni hii," pengine karatasi zake zisingerudi mikono mitupu. Sisi tulinyamaza, tukitumaini hawataona. Waliona.

Na msiseme uongo katika fomu. Mwombaji akigunduliwa ameficha au amedanganya, sheria ya Kanada humfungia mlango miaka 5. Mwenzetu aliyewahi kukamatwa siku ya mgomo akapelekwa kortini, na aseme kweli, aambatishe karatasi ya korti inayoonyesha kesi iliishaje. Mgomo uliovunjwa na polisi si wizi wa kuku. Lakini ukiuficha utahesabiwa mwongo, na hapo kosa litakuwa lako mwenyewe.

Foleni yaweza kusukumwa

Tusije tukadhani wanaongoja ni sisi tu, na wanaongojesha ni Wazungu na Waarabu tu. Hapa kwetu Pwani, Wamakonde waliletwa kutoka kusini wakati wa ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya katani na miwa ya Kwale. Walifanya kazi, wakazaa, wakazika wazazi wao katika ardhi hii, na watoto wao wakakaa bila kitambulisho. Bila kitambulisho hupati kazi ya haki, hufungui akaunti ya benki, na hata hilo eCitizen huwezi kuliingia. Mwezi Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka, na wakahesabiwa miongoni mwa makabila ya Kenya. Wapemba wa Kwale na Kilifi nao walitambuliwa mwaka 2023, baada ya kungoja vizazi.

Mmakonde mmoja mmoja alipokwenda ofisini alirudishwa kwa miaka mingi. Walipokwenda pamoja walisikilizwa. Hiyo ndiyo kazi ya chama, na ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa.

Mambo ya kushika

Ndugu zangu, nayaweka kwa namba ili mweze kuyanakili.

1. Usiache kazi kwa sababu ya kuchaguliwa. Acha kazi ukiwa na ruhusa ya mwisho mkononi na tarehe ya safari. Omba likizo, omba ruhusa bila malipo, lakini nafasi yako usiitupe.

2. Ukiwa katika nchi ya kazi, usiondoke bila cheti chake cha polisi, maadamu vidole vyako bado viko huko. Piga picha kitambulisho cha nchi ile, mbele na nyuma, kabla ya kukirudisha. Tunza mkataba na barua ya kuachwa kazi.

3. Andika katika daftari kila nchi uliyokaa, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, kwa kufuata mihuri ya pasipoti. Miezi minane ni kitu. Hata miezi sita ni kitu.

4. Jina lako liwe moja. Kama kitambulisho chasema Mohamed na pasipoti yasema Muhammad, au jina la babu limewekwa hapa na halimo pale, litengenezwe kabla ya kutia vidole, wala si baada.

5. Cheti cha nchi uliyotoka kitafute mapema. Cheti cha Kenya na kipimo cha daktari vitafute karibu na siku ya kupeleka.

6. Usimpe fedha mtu wa simu tupu. Wakala wa kazi za ng'ambo aliye halali ana leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na jina lake laweza kuulizwa. Kwa maombi ya Kanada, anayelipwa kukuwakilisha lazima awe mwanasheria au mshauri mwenye leseni ya kule. Asiye na leseni, hata akivaa tai, ni mpita njia.

7. Kama cheti hakipatikani, andika barua na uambatishe risiti. Usinyamaze.

Na kwa chama naomba mambo matatu, Bwana Mwenyekiti, ili mkutano uyaamue.

Kwanza, kamati imchague mwanachama mmoja anayejua kusoma fomu, akae hapa Jumamosi moja ya kila mwezi, na mwanachama au mtoto wa mwanachama amwonyeshe karatasi zake kabla ya kuzipeleka. Bila malipo. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza.

Pili, tuandike barua kwa wakuu wa serikali kaunti hii, tuombe siku maalumu za kutia vidole upande wetu wa Kisauni. Mfanyakazi wa zamu ya usiku akitoka Utange kwenda kisiwani, akute foleni, arudi kesho, amekwisha kupoteza mishahara ya siku mbili na nauli mara nne kwa ajili ya wino wa dakika tano.

Tatu, wadhamini wa mikopo wasitie sahihi kwa mkopo wa safari mpaka waone mambo matatu: barua ya mwaliko, leseni ya wakala, na daftari la nchi alizokaa mkopaji. Nasema haya nami ni mkopaji. Kama wadhamini wangu wangaliniuliza maswali hayo siku ile, ningekasirika, lakini fedha zile zingalikuwapo leo.

Ndugu yangu amepeleka karatasi zake mara ya pili. Safari hii vyeti ni vitatu, na tafsiri ipo, na barua ya maelezo ipo. Juzi aliniuliza, "Kaka, waonaje, watanikubali?" Nikamwambia sijui, lakini safari hii wakitukataa hawatatukataa kwa ajili ya karatasi. Akacheka, akachukua sufuria zake akaenda kwenye harusi ya watu Kiembeni.

Wadhamini wangu, deni lililobaki nitalimaliza kwa mishahara minane kama Mungu akipenda, na risiti nitaileta katika mkutano huu kila mwezi.

Umoja ni nguvu.